Meno Mawili ya Plamedi

SIDONIE: Haloo? Nani huyu? Namba siijui. Kama ni mambo ya bima, mimi sina gari.

PLAMEDI: Mama, ni mimi.

SIDONIE: Mimi nani?

PLAMEDI: Plamedi. Mtoto wako. Mama, please, usikate!

SIDONIE: Hii si namba yako.

PLAMEDI: Ya Mitesh, yule anayenoa viatu vyetu vya barafu. Yangu leo siku ya nne huipokei. Jambo, Mama. Habari ya kazi?

SIDONIE: Nzuri. Wazee wanakula, wanalala, wanapiga kengele. Niko huku chini kwenye mashine za kufulia, mtandao mbaya. Sema haraka.

PLAMEDI: Ni ya Jumamosi—

SIDONIE: Jumamosi naijua! Kilburn nzima inaijua. Mdogo wako Keren amenionyesha tangazo kwenye simu yake. Winga wetu wa hoki anacheza mechi ya mwisho, miaka kumi na tano ya kazi, njooni wote. Na mama yake atamsindikiza barafuni.

PLAMEDI: Ndiyo, na—

SIDONIE: Ngoja, sijamaliza. Chini ya hapo, picha. Nani? Lorraine! Amevaa jezi yako, kichwa cheupe kama pamba, meno yote nje. Anashuka Heathrow Ijumaa. Bon. Mama yako anakuja, papa, mwanangu. Mpokee vizuri.

PLAMEDI: Mama, hayo ni mambo mawili. Umeyasoma kama—

SIDONIE: (mkwaruzo) —nini? Sisikii.

PLAMEDI: Nasema umeyachanganya! Toka hapo kwenye mashine.

SIDONIE: Sitoki. Hapa hakuna wa kuniona.

PLAMEDI: Unalia?

SIDONIE: Nalia kwa nini? Ni sabuni hii, inaingia machoni. Huyo mwanamke nimemvumilia sana, Plamedi. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nilikununulia koti la baridi pale sokoni, nikakupeleka kwenye ndege. Wiki ya pili tu unaniambia, Mama, Lorraine anapika keki za asubuhi. Lorraine anajua kuendesha gari kwenye theluji. Lorraine hivi, Lorraine vile. Mimi huku napanda basi mbili kwenda kuosha watu.

PLAMEDI: Kule ng'ambo ni desturi, Mama. Mchezaji mdogo akitoka mbali, timu inamweka kwa familia. Wenzangu wote walikaa hivyo.

SIDONIE: Wenzako wote meno yao yako kwenye chupa dirishani kwa Lorraine?

PLAMEDI: (anacheka) Umejuaje habari ya meno?

SIDONIE: Ulisema weye mwenyewe kwenye mahojiano! Fimbo ilikupiga mdomoni, taya likavunjika, mawili ya mbele yakatoka, na Lorraine akayaokota kwenye barafu akayaweka kwenye chupa ya jamu. Nchi nzima ikacheka. Miye sikucheka. Nina wivu, ndiyo. Andika, tangaza. Hata meno yako anayo yeye.

PLAMEDI: Mama, naomba nikuulize kitu. Usikasirike.

SIDONIE: Nimeshakasirika. Uliza.

PLAMEDI: Kule hospitali nililala siku tisa. Mdomo umefungwa kwa waya. Nikawa naangalia simu. Kila ikiita nasema ni Mama. Hukupiga. Hukuwahi kuja hata mechi moja. Nimerudi kucheza London mwaka wa tatu huu, treni moja tu kutoka kwako, na bado hukuja. Nilijiambia basi, labda Mama hautaki huu mchezo. Labda ni mimi asiyenitaka.

SIDONIE: Nilipiga.

PLAMEDI: Lini?

SIDONIE: Ile siku ileile. Kochi aliniambia, nikachukua namba ya hospitali, nikapiga kwenye simu ya kanisa kwa sababu yangu haikuwa na hela. Msichana akapokea. Akaniuliza, are you the guardian? Mlezi wake ni weye?

PLAMEDI: Ukasema?

SIDONIE: (kimya)

PLAMEDI: Mama? Haloo? Umenisikia?

SIDONIE: Nikasema hapana. Nikaweka simu chini.

PLAMEDI: Kwa nini?

SIDONIE: Ningesema nini? Nilisaini mimi mwenyewe! Umesahau? Tulikwenda kwa yule mwanasheria, juu ya duka la vitambaa. Karatasi mbili. Imeandikwa Lorraine ndiye mlezi kisheria, shule, daktari, kila kitu. Na muhuri mwekundu. Akaniuliza, unaelewa, madame? Nikasema yes. Nchi hii, Plamedi, ukisema no mbele ya mtu mwenye muhuri, wanakuambia rudi mwezi ujao. Tulikaa miaka sita kungoja karatasi zetu wenyewe za kuishi hapa. Nikasema yes, yes, yes. Nikasaini.

PLAMEDI: Ile karatasi? Mama—

SIDONIE: Usinikatize. Nilikutoa. Nilikutoa kwa mkono wangu kwa sababu ulikuwa unalilia kucheza. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kitanda chako mpaka asubuhi. Nikasema, Sidonie, umeshauza haki, usiende tena kumsumbua mwenye mtoto. Nikija mechi nitakaa wapi? Wataniuliza, weye nani wake? Niseme nini? Jirani?

PLAMEDI: Mama. Sikiliza. Tafadhali.

SIDONIE: Nasikia.

PLAMEDI: Ile karatasi ilikuwa ya shule na daktari tu, kwa sababu nilikuwa mtoto na weye ulikuwa mbali. Ilikwisha nilipotimiza miaka kumi na nane. Imeandikwa humo humo, ukurasa wa pili.

SIDONIE: Imeandikwa nini?

PLAMEDI: Kwamba inakwisha. Yenyewe tu. Na haikusema hata siku moja kwamba weye si mama. Hakuna karatasi ya namna hiyo.

SIDONIE: (mashine inasikika ikizunguka)

PLAMEDI: Mama?

SIDONIE: Kumi na nane?

PLAMEDI: Kumi na nane.

SIDONIE: Sasa una thelathini na moja.

PLAMEDI: Ndiyo, Mama.

SIDONIE: Eh Mungu wangu. (anapumua) Miaka kumi na tatu natembea na kitu kilichokwisha. Na hakuna aliyeniambia!

PLAMEDI: Nani angekuambia? Hakuna aliyejua kama unaamini hivyo! Nimecheza timu saba, na kila timu kuna fomu, mtu wa kuitwa likitokea baya. Zote saba nimeandika Sidonie, Kilburn.

SIDONIE: Unadanganya.

PLAMEDI: Muulize Keren, hii ya mwisho alinijazia yeye. Na hilo tangazo, mama atakayenisindikiza Jumamosi ni weye. Lorraine anakuja kuketi kwenye kiti na kupiga kelele, basi. Yeye ndiye aliyesema. Nilimwambia mje wote wawili barafuni, akakataa. Akasema, ile ni nafasi ya mama yako, mimi nilikuazima tu.

SIDONIE: Alisema hivyo? Kuazima?

PLAMEDI: Hivyo hivyo.

SIDONIE: Hata adabu anayo. Ananiudhi kabisa. Ningependa awe mtu mbaya.

PLAMEDI: (anacheka) Mitesh ananionyesha simu, Mama, chaji imebaki kidogo sana. Utakuja?

SIDONIE: Nitaanguka. Ile barafu—

PLAMEDI: Wanatandika zulia. Na nitakushika.

SIDONIE: Nina shifti Jumamosi. Nitamwomba Reine wa hapa kazini tubadilishane, ana deni langu la zamu ya Pasaka. Huyo Lorraine analala wapi?

PLAMEDI: Hoteli, Stratford.

SIDONIE: Hoteli! Mtu amekulisha miaka miwili halafu alale hoteli kama mfanyabiashara? Unataka watu waseme nini? Atalala kwangu, kwenye kitanda changu. Miye na Keren tutabanana. Atakula bugali na sombe yangu ya majani ya muhogo. Na jikoni kwangu asishike sufuria, umwambie. Hata kijiko. Zamu yake ya kupika ilishapita.

PLAMEDI: Nitamwambia. Mama, inakata—

SIDONIE: Ngoja! Kengele inalia, mzee Harish huyo, akikawia kupata chai anavua soksi. Nakuja, nakuja! Plamedi, bado uko?

PLAMEDI: Niko. Haraka—

SIDONIE: Asipande ndege bila ile chupa.

PLAMEDI: Chupa gani?

SIDONIE: Ya jamu! Aje na meno yangu. Ni miye niliyaotesha, kwa maziwa yangu, nikakesha nayo usiku kucha kule kwetu Uvira, unanilia begani. Ameyatunza vizuri, nitamshukuru mbele ya watu. Lakini aniletee. Sasa arudishe alichoazima—

PLAMEDI: Mama, nita— (mkwaruzo)

SIDONIE: Haloo? Plamedi? Haloo? ... Nakuja, mzee Harish! Nakuja. Hapana, silii. Nilikuwa naongea na mtoto wangu.