Uwanja wa Kocha Haskett

Ndani ya basi, mzee wa kiti cha pili, mwenye kofia ya timu ya shule, alimwambia Lyle Brandvold kwamba leo uwanja wa besiboli wa shule unapewa jina la Kocha Haskett.

"Ameifundisha timu miaka thelathini na mbili, bwana! Hastahili?"

"Mimi nilikuwa mrushaji mpira wake," Lyle alifoka. "Alinipanga nirushe mechi tatu kwa siku nne, apate kombe la jimbo la Iowa. Mkono huu hauinuki tena kupita bega."

"Si ungekataa? Mdomo ulikuwa nao."

"Nikatae vipi, mzee? Nilikuwa na miaka kumi na sita, na aliniita mwanangu mbele ya baba yangu."

Basi lilisimama uwanjani. Mzee alishuka bila kuaga.