Bi Kheiria, Sasa Zamu Yako Kulala Chali

Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi Kheiria binti Sleiman anastaafu katika kliniki yetu ya wanawake hapa Bawshar. Alikuwa astaafu mwaka juzi, kisha mwaka jana. Mara zote mbili aliahirisha, kwa kuwa darasa lake halikuwa na wa kuliangalia.

Alianza kwa kunyoosha magoti na migongo ya watu. Mwaka 2011 akachoka kuwaona wasichana wenye PCOS, lile tatizo la homoni: hedhi inapotea miezi, nywele zinaota kidevuni, na kila shangazi ana lake la kusema. Walipewa vidonge wakarudi nyumbani na huzuni yao. Akenda kusomea yoga ya tiba, akarudi na mikeka sita. Wapo walionong'ona kwamba hiyo ni ibada ya watu wa dini nyingine. Yeye akafungua darasa kwa Bismillahi, akaliita mazoezi ya pumzi, na maneno yakaisha.

Waliouliza kama watapata mtoto aliwajibu wazi: "Watoto anagawa Mngu. Mie nnafundisha kupumua." Wengine hedhi zao zilirudi, wengine bado, lakini usingizi tuliupata. Nasema tuliupata kwa sababu mimi, Balqees, nilikuja hapa nina miaka kumi na tisa, nimejifunika mpaka puani nisijulikane. Leo nafanya kazi naye.

Mwisho wa darasa taa huzimwa, mapazia hushushwa, udi unafuka pembeni. Wanawake wanalala chali dakika kumi, na chumba kizima huwa kama kinaelea. Bi Kheiria mwenyewe halali. Hukaa mlangoni akitulinda.

Isipokuwa siku moja. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akiendesha gari kutoka kumuuguza Al Amerat kila alfajiri bila ya kulala vizuri. Akafumba macho pale mlangoni, akasinzia. Hakuna aliyemwamsha. Dakika kumi zikawa hamsini. Nje waume wanapiga honi, na Ghaith, mume wa mwenzetu mmoja, akamtuma bawabu aje kuuliza kama tuko hai. Bi Kheiria alituomba radhi wiki nzima. Wallahi, hatujapata kupumzika kama siku ile.

Miezi mitatu hii amekuwa akinikabidhi darasa, na kila akinikabidhi hurudi kuninyooshea mikeka. Jumapili iliyopita nilimtandikia wa kwake, karibu na dirisha. Akaangalia saa, akauliza nani atakaa mlangoni. Nikamwambia nitakaa mimi. Akalala. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa ngumi, kisha kidogo kidogo vikafunguka. Nililia kimya kimya.

Ahsante, Bi Kheiria, kwa pumzi ulizoturudishia. Tunakutakia maisha mema, afya, na usingizi wa raha. Mkeka wako uko pale pale dirishani, nasi mlangoni tupo.