Sakafu Nje ya Uzio

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, majirani na watoto wetu, salamu na karibuni sana. Kabla ya lolote, tunaomba radhi kwamba msomaji wa risala hii, fundi cherehani wetu, amesimama mbele yako na mjukuu mgongoni. Si kukosa adabu. Sababu utaisikia.

TULIKOTOKA
Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilipofungwa, wenyewe walitokomea, wakatuachia sumu ya madini ya risasi kwenye udongo. Watoto waliumwa matumbo, masomo yakawapita, wakagombezwa kwa uvivu ambao haukuwa wao. Inatuuma mpaka leo.

TUNACHOSHUKURU
Ulipoahidi kuwa fedha za umma zitasafisha eneo hili, tusikufiche, tulicheka. Lakini malori yalikuja. Udongo mbaya ukachimbwa, ukafunikwa maturubai, ukaondoka; ukaletwa udongo safi, zikapandwa nyasi. Waliocheka sana ndio leo wa kwanza kuanika nguo kwenye uzio mpya. Watoto wanagaagaa mle ndani, nasi tunawaacha. Ahsante, na ahsante tena. Kodi yetu tumeiona kwa macho.

KILICHOBAKI
Enzi zake, kiwanda kiligawa bure kifusi cheusi kilichobaki baada ya kuyeyusha betri. Kilishindilika vizuri ajabu. Fundi wetu aliita majirani, wakashindilia sakafu yake huku wakiimba, na wengi wetu tukamwiga. Hakuna aliyetuambia kitu.

Juzijuzi mhandisi wa usafishaji aliingia kwake kuomba maji ya kunywa. Akaitazama sakafu, akaweka kipimo chake cha sumu chini, akakisoma.

"Mama, huyu mtoto asitambae humu."

"Sasa akatambae wapi, baba?"

"Ningechimba hata leo. Ila fungu nililopewa linaishia kwenye uzio."

Hatumlaumu. Tangu hapo bibi anashona na mtoto mgongoni, anapika naye mgongoni, na mtoto akisinzia anamlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama wa mtoto anashinda kazini. Sisi majirani tunapokezana kumbeba, lakini migongo nayo inachoka.

OMBI
Tunaomba fungu livuke uzio, lifike kwenye sakafu zetu. Mikono ya kazi ipo. Tunakosa wataalamu, malori na mahali salama pa kupeleka kifusi hicho.

Mgeni rasmi, mtoto amefikia umri wa kutambaa. Unamwona mwenyewe anavyojinyonga na kurusha miguu akitaka chini. Wiki nzima bibi yake amekuwa akimbembeleza, "Vumilia kidogo, mume wangu, mgeni anakuja."

Umekuja, na tumefurahi kweli.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, akupe afya na umri, na wajukuu zako watambae popote wapendapo.

Ni sisi,
Wakazi wa Nyuma ya Kiwanda