Laurent Ildefonsi, Aliyengoja Maji

Mchungaji, mama yetu Esteri, ndugu na majirani wa Rungwe Mpya, tunamshukuru Mungu aliyetupa nguvu ya kusimama mbele ya jeneza hili, na kwa ruhusa yenu familia inawasomea njia aliyopita mpendwa wetu.

Laurent Ildefonsi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Rungwe Mpya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ildefonsi na mama Esteri Nizigiyimana, akabatizwa mwaka huohuo, akamaliza darasa la saba hapahapa mwaka 1988, kisha akaenda Uvinza kwa mjomba wake, ambako alijifunza kuendesha boti ya injini katika Mto Malagarasi.

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa takatifu na Ernesta huko Kibondo, na Bwana akawajalia watoto wawili, Ange na Reverien.

Mwaka 2004 aliajiriwa kuendesha boti ya zahanati katika delta ya Rufiji, akakaa kijiji cha Kiomboni, mahali ambapo bahari huingia mtoni, maji yakajaa mpaka kwenye mikoko, kisha yakapwa na kuacha tope tupu. Yeye alikuwa amezoea mito ya kwetu, ambayo ukiteremka na maji umefika, kwa hiyo safari yake ya kwanza aliteremka na maji yanayopwa, boti ikakalia tope pamoja na muuguzi na sanduku la chanjo mpaka maji yaliporudi, na akina mama waliokuwa wakitafuta kaa wakamcheka, wakamwambia, "Wee kapteni wa milimani, huku kwetu hata mto hurudi nyumbani!" Kila alipokuja likizo mama alimtaka arudie kisa hicho, akacheka mpaka akashika mbavu.

Tangu siku ile hakuondoka bila kupanga, aliangalia umri wa mwezi, akauliza wavuvi hali ya mkondo, na penye kina kidogo alipita maji yakiwa bado yanajaa, ili boti ikikwama maji yenyewe yainyanyue, na abiria walimjua kwa neno lake moja kabla ya kuwasha injini, "Maji yametosha, twende."

Mwezi Juni 2025 tumbo lake lilianza kuvimba, madaktari wa Dar es Salaam wakakuta saratani ya ini iliyokwisha kusambaa, wakamweleza kwa upole, naye akaomba jambo moja tu, afike nyumbani, mama yake amwekee mikono na kumwombea angali hai. Alirudi Kiomboni kumchukua mkewe na kukabidhi boti, akaipanga safari hiyo mwenyewe, waondoke alfajiri ya tarehe 26 Septemba, mwisho wa bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, kwa sababu baada yake huja maji mafu, ambayo hayajazi mkondo wa Kiomboni kiasi cha kupitisha boti. Mama alifagia chumba, akatandika kitanda, akauliza kwa simu, "Mwana wanje, mwanangu, unafika lini?" naye akajibu, "Jumapili, mama, Mungu akipenda."

Alfajiri hiyo, mizigo ikiwa tayari botini, simu ilitoka kijiji cha upande wa bahari kwamba mke wa mwanakijiji mmoja, Badru, ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya, na maji ya asubuhi ile yalitosha safari moja tu, ama ya kumwahisha yeye ama ya kumvusha Laurent. Ridhiwani, aliyepokea boti, alimgeukia Laurent, naye akamwambia, "Unanitazama nini, Ridhiwani? Shusha mizigo yangu, uwahi." Mama yule alifikishwa hospitali, akajifungua kwa upasuaji, yeye na mtoto wako salama.

Ndugu yetu akabaki kungoja bamvua nyingine, wavuvi walijitolea kumvusha kwa mtumbwi mdogo, lakini muuguzi Shamsi alisema tumbo lile halitavumilia. Kila jioni alimpigia mama waombe pamoja, asimwambie sababu, ila maji ni madogo tu, mpaka mama akakasirika, akasema, "Maji gani hayo yasiyokua?" Alfajiri ya tarehe 6 Oktoba 2025 alikata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ernesta, na jioni ya siku hiyohiyo maji yalitosha, Ridhiwani akamvusha.

Mama, uliuliza mbona mwanao hafiki, sasa umesikia, na yule aliyeketi karibu na Ernesta ndiye Badru, amesafiri na jeneza kutoka pwani mpaka mlangoni pako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru watu wa Kiomboni, Waislamu kwa Wakristo, waliokesha naye na kumbeba, tunamshukuru Ridhiwani na wenzake wa kazini, na ninyi majirani mliochimba kaburi na kupika tangu juzi, Mungu awalipe pale sisi tusipoweza.

Asubuhi ya leo mama ameweka mikono yake juu ya jeneza, ameomba ile sala aliyoitunza, hakuna kilichobaki. Maji yametosha, Laurent, nenda, upumzike katika amani ya Bwana.