Fundi Kesho na Injini ya Gari la Baba

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye njiani apunguze mwendo, maana mtu tunayemkumbuka leo hakuwapenda kabisa watu wa mbio mbio.

Leo tunamkumbuka fundi wa rangi. Fundi wa rangi za magari ya zamani, na zaidi ya yote, rangi za injini. Alituacha Jumatano ya wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha mke, watoto watatu, kaka mmoja na dada mmoja. Wateja wake hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Fundi Kesho.

Najua mmecheka. Mafundi tunawajua jamani. Unapeleka suti ya harusi, unaambiwa njoo kesho, unaichukua siku bwana harusi anabembeleza mtoto wa pili. Lakini kesho ya fundi huyu ilikuwa ya aina nyingine. Mteja akija, fundi alikuwa anachukua kitambaa cheupe, anakipitisha kwenye injini, halafu anamwonyesha. Kitambaa kikitoka na alama, hata ndogo kama ukucha wa mtoto, alisema neno moja tu. Kesho. Na anarudi kuosha.

"Vitambaa vyangu vyote vyeupe vimeishia kwenye injini," anasema mkewe. "Nilikuwa nikitaka kujifuta jasho natumia kiganja."

Haraka haraka haina baraka. Msemo huo wengi wetu tumeusikia tangu utotoni, na bado tunakimbia. Yeye aliufuata. Lakini wasikilizaji wapendwa, hakuzaliwa nao. Alifunzwa siku moja, mbele za watu, na somo lenyewe liliuma.

Turudi nyuma karibu miaka ishirini na saba. Fundi wetu ana miaka thelathini na mmoja. Ana gereji moja na kaka yake, aliyemzidi miaka minne. Kaka ni fundi wa umeme wa magari. Mmoja rangi, mwingine nyaya, na kazi zinaingia. Baba yao, aliyekuwa dereva, ametangulia mbele ya haki na kuwaachia gari lake, gari la zamani hata kwa wakati ule, lenye boneti ndefu na taa za mviringo. Na mdogo wao wa kike anaolewa. Bibi harusi hataki gari lingine lolote. Anataka gari la baba.

Fundi alipaka bodi siku mbili, ikang'aa. Injini akaibakisha hadi alasiri ya mwisho. Ilikuwa imejaa mafuta na vumbi la miaka. Hakuiosha. Aliipulizia rangi vilevile, nyekundu, juu ya uchafu. Akafunga boneti akaenda kunyoa.

Kesho yake, gari halijafika hata nusu ya safari, moshi ukaanza. Ukaingia ndani. Bibi harusi akashuka barabarani anakohoa, machozi yanamtoka, wanja umefika mashavuni. Boneti ikafunguliwa. Rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande, na chini yake mafuta yanachemka. Kaka mtu akatazama, akasema kwa sauti, watu wote wanasikia: "Wewe ni fundi wa kupaka rangi juu ya uchafu."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi wetu hakuchutama. Alijibu, naye kwa sauti: "Na wewe unaunga nyaya, kazi ambayo hata mtoto anaweza. Sitakuhitaji mpaka naingia kaburini!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu yake kaka alipakia vifaa vyake kwenye toroli, akavuka barabara, akafungua gereji yake upande wa pili. Upande wa pili wa barabara ileile, wasikilizaji. Hatua kumi na nane. Mke wa fundi wetu amezihesabu.

Na hapo wakakaa miaka ishirini na sita bila kusemezana. Kila asubuhi wanafungua milango wanatazamana, kila jioni wanafunga wanatazamana. Ikibidi kabisa, ujumbe unapitia kwa muuza duka wa pembeni. "Mwambie yule jirani gari la mteja wake limeziba mlango wangu." Wakati jirani mwenyewe amesimama palepale anasikia! Muuza duka naye anageuka, anarudia neno kwa neno. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuwapatanisha. Akaniambia, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua jembe." Gari la baba lilisukumwa nyuma ya gereji ya mdogo, likafunikwa turubai. Hakuna aliyeligusa.

Lakini neno lile la kaka lilimkaa. Kuanzia siku ile hakupaka tena rangi juu ya uchafu. Hata mara moja. Watu walisafiri siku mbili kumletea injini. Nimeona moja aliyoipaka miaka kumi na minne iliyopita. Nimepitisha kidole. Haijabanduka hata penye bolti.

Mwaka jana mwanzoni, kifua kikaanza kumsumbua. Daktari akamwambia ukweli: mapafu yamechoka, na hayatapona. Rangi ya kupuliza, basi. Akarudi nyumbani, akakaa, akamwambia mkewe, "Nataka kulitoa gari la baba kwenye turubai."

"Si umeambiwa upumzike, baba watoto?"

"Nimeambiwa nisipulize. Brashi hajaitaja."

Mke hakucheka. Alimuuliza kinachomsumbua hasa. Akasema, "Sitaki kuondoka yule bwana akiwa bado ng'ambo." Mke akamwambia, basi vuka, hatua kumi na nane tu. Akamjibu: "Nikivuka nitamwambia nini? Nilishamwambia sitamhitaji."

Basi akaanza kazi. Injini ikatolewa, ikafungwa kwenye stendi. Matundu yote akayaziba kwa vitambaa na vizibo vya mbao, maji yasipenye ndani. Akaanza kuosha. Mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha maji. Akakwangua kwa wembe, akasugua kwa brashi ya waya. Penye kona akatumia mswaki. "Alimaliza miswaki yote ya nyumba," mkewe anasema. "Siku moja naamka, mswaki wangu una grisi. Nikasema huyu mgonjwa nitamuua mimi."

Rangi nyekundu ya siku ya harusi ilikuwa bado imeng'ang'ania sehemusehemu. Aliikwangua yote. Alipofungua kile kibati chenye namba ya injini, chini yake alikuta rangi ya kwanza kabisa, ya kiwandani, kijivu chenye ubuluu kidogo. Mahali padogo kama stempu, jua halijapafikia. Aliita watoto waje waone. Akachanganya rangi siku nne mpaka akaipata ileile, rangi ya kuvumilia joto, kwenye kikopo kimoja kidogo.

Na kitambaa? Kitambaa kilitoka na alama wiki baada ya wiki. Miezi minne, kesho, kesho, kesho. Anasugua dakika kumi, anapumzika nusu saa. Dada yake, yule bibi harusi wa moshi, sasa mama wa watu wazima, alikuja akashindwa kujizuia. "Kaka, huna muda mwingi. Paka tu, nani atafungua boneti?"

Alimjibu taratibu: "Uchafu haujui kama nina haraka."

Siku kitambaa kilipotoka cheupe, alikikunja akakiweka mfukoni. Hakumwonyesha mtu. Kesho yake akapaka praima, ile rangi ya msingi. Kisha rangi. Koti tatu, yaani tabaka tatu, kwa brashi, kila moja akiiacha ikauke ndipo aweke nyingine. Nimeiona, wasikilizaji wapendwa. Ungedhani imepulizwa. Huoni hata mstari wa brashi.

Injini ikarudishwa ndani ya gari, na vijana wa gereji wakafunga kila kitu, isipokuwa waya mmoja. Ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye chuma cha injini. Ule alisema ataufunga mwenyewe.

Ikafika Jumamosi. Familia nzima iko gereji. Dada amekaa kiti cha nyuma, kilekile cha siku ya harusi, amekumbatia mkoba. Asubuhi hiyo fundi alikuwa amemwambia mkewe aongeze kiti kimoja na kikombe kimoja. "Nani anakuja?" mke akauliza. "Fundi wa umeme." Mke hakutilia maanani. Mafundi wanakuja kila siku.

Fundi akakaa kwenye usukani. Akazungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena. Tk. Kimya.

Kila mtu akawa fundi. Huyu anasema betri, na betri ni mpya. Huyu anasema tusukume. Na ng'ambo ya barabara kaka mtu ameinamia taa ya gari la mteja, bisibisi mkononi. Bisibisi haizunguki. Masikio yote yako huku.

Fundi Kesho akashuka. Akamwambia dada yake, "Kamwite yule jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule wa nyaya."

Dada akashuka garini, mkoba bado kifuani. Alivuka. Hakumbuki alisema nini. Anakumbuka tu kwamba kaka mkubwa alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kula, halafu akavuka barabara. Hatua kumi na nane. Muuza duka alitoka nje, akamwacha mteja na kipimo cha sukari.

"Washa," kaka alisema.

Tk.

"Tena."

Tk.

Akainama ndani ya boneti. Akafuata waya kwa vidole hadi unapofungwa. Akafungua bolti. Akaomba kisu, akakwangua mahali padogo, upana wa sarafu, mpaka chuma kikaonekana. Wasikilizaji, umeme haupiti kwenye rangi. Pale waya unapogusa injini, lazima chuma kiguse chuma. Kila fundi wa rangi anajua kupaacha wazi mahali hapo. Hapo palikuwa pamepakwa.

Kaka akafunga bolti. "Washa."

Injini ikawaka. Ikanguruma mara moja, kisha ikatulia. Hakuna moshi. Dada yao alikuwa analia kule nyuma, na safari hii wanja uliharibika kwa sababu nzuri.

Kaka akamtazama mdogo wake, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita. "Umezeeka. Unasahau kazi."

Na mdogo akajibu, "Ndiyo, kaka."

Kaka. Hakusema jirani. Alisema kaka. Mke wa fundi anasema alilazimika kuingia ndani ajifanye anatafuta sukari.

Baada ya siku ile waliishi pamoja miezi saba. Kila Jumamosi gari la baba lilitoka, kaka kwenye usukani, mdogo pembeni, madirisha yamefunguliwa apate hewa. Wanabishana njia nzima. "Punguza mwendo." "Nikipunguza tena tutasimama." Jumatano ya wiki iliyopita, mdogo hakuamka. Na gari lililoongoza msafara wa mazishi mmelijua. Aliyeendesha mmemjua. Aliendesha polepole kabisa.

Juzi nilikwenda kumpa pole kaka mtu. Nikamkuta gerejini kwa mdogo wake, amekaa kwenye kile kiti cha nyongeza. Nikamwambia kinachonitatiza. Kwamba shemeji yake aliambiwa asubuhi ile kuwa fundi wa umeme atakuja, kabla ufunguo haujaguswa. Kwamba mtu aliyefanya kazi hii miaka yote hiyo, aliyerudia kuosha kwa miezi minne, angewezaje kusahau mahali pa waya?

Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kusoma sentensi.

"Nilijua palepale," akasema. "Kama angepulizia, ningeilaumu bunduki ya rangi, maana ile inamwaga popote. Lakini alipaka kwa brashi. Brashi inakwenda inakopelekwa. Na pale palikuwa na koti tatu, safi, zimesawazishwa. Halafu bolti ilikuwa imekazwa kwa vidole tu, nisihangaike kuifungua."

Nikamuuliza, ulimwambia kwamba umejua?

"Kwa nini nimwambie? Aliniambia ananihitaji. Nilisikia. Nikamwambia umezeeka, unasahau, na yeye akafurahi."

Kisha akafungua boneti, akanionyesha. Akatoa mfukoni kitambaa cheupe, kilekile cha mdogo wake, shemeji yake amempa. Akakipitisha kwenye injini, taratibu, kona hadi kona. Akakinyoosha kwenye mwanga.

Cheupe.

Kwa mke wa marehemu, watoto, dada, na kwa kaka: kituo chenu hiki kinawapa pole kwa moyo wote. Msiba wenu tumeubeba pamoja. Mungu ampumzishe fundi wetu mahali pema, na akifika huko wasimharakishe.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujitazame. Huenda yuko mtu ng'ambo ya barabara yako, unamwita jirani na ni ndugu yako wa damu. Huenda maneno ya kumwambia yamekushinda. Basi usihangaike na maneno. Mtafutie kazi ya kufanya.