Mchanga Uliopigwa Lipu

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni mlio wakubwa, na wengine hamjambo. Leo tunamkumbuka mama aliyepima mlima. Mkisikia sauti yangu imekwaruza, siumwi. Nimekasirika, na sitaficha.

Marehemu alikuwa mjiolojia. Nyumbani walimwita Mama Mchanga. Alifanya kazi kwenye ukingo wa bonde la ufa, kule milima inakosimama wima. Alitaka kujua jambo moja tu. Mlima unainuka kutoka chini, mvua inaumega kutoka juu. Nani anashinda, na anashinda wapi?

Aliwahi kukaa studio hii hii. Nikamuuliza, "Dada, mlima unainukaje na sisi hatuoni?" Akacheka. "Kaka, hujawahi kuona unga ukiumuka? Sasa fikiria unaumuka huku panya anautafuna. Mimi ninamfuatilia panya."

Kuinuka alikupima kwa vifaa vya setilaiti alivyovifunga kwenye miamba. Mwaka mzima, mlima ulipanda kiasi cha unene wa kucha. Kumegeka alikupima kwa mchanga. Kadiri chembe ya mchanga inavyokaa juu ya ardhi, ndivyo miale itokayo anga za mbali inavyoiachia alama nyingi. Alama zikiwa nyingi, mlima unamegeka polepole. Zikiwa chache, unamegeka haraka. Kwa hiyo alipanda kila kijito, akachota mchanga, akautia kwenye mfuko wake. Kijito kimoja, mfuko mmoja. Narudia, maana hapa ndipo penye kisa. Kijito kimoja, mfuko mmoja.

Mumewe ni fundi wa magari. Ameniambia: "Tulikuwa tunakwenda harusini kwa dada yangu. Kwenye daraja akasema simamisha gari. Akashuka mtoni na gauni la sherehe, akachota. Ndugu zangu wakadhani nimeoa mganga."

Chini ya mteremko wa mlima ule wanaishi watu, na ukimegeka haraka unaweza kuwaporomokea. Mama aliwaahidi: mchanga ukishapimwa, nitawaambia mhame au mkae. Mifuko ikawekwa stoo ya ofisi yake, ikingoja sahihi ya mkubwa wake wa kazi ili ipelekwe maabara. Sahihi ikachelewa. Ikachelewa tena. Katikati ya kungoja, mama akaanza kuugua moyo, na daktari akamkataza kupanda milima. Binti yake anasema hakuvunjika moyo. "Alituambia, mchanga wangu wote uko stoo. Kupanda nimeshamaliza."

Basi ofisi ikatarajia wageni, na ukuta wa mbele ulikuwa umebanduka lipu. Mkubwa akaamuru urekebishwe upesi. Mwashi akauliza, mchanga uko wapi? Akaambiwa uko stoo, umejaa tele.

Mnanisikia, wasikilizaji wapendwa? Mchanga wa vijito vyote ulikorogwa pamoja na saruji, ukapigwa lipu ukutani. Ukishachanganywa hivyo hausemi tena ulitoka wapi. Kazi ya miaka na miaka.

Nilimtafuta mwashi. Mtu mzima yule, alishindwa kuniangalia usoni. "Niliwaambia mifuko hii ina maandishi. Nikaambiwa, fundi, wewe piga kazi." Mama alipofika aliupapasa ule ukuta, akamwambia, "Lipu yako nzuri, kaka. Hukukosea wewe." Kisha akaingia kwa mkubwa.

Mkubwa akamjibu, "Kwani mchanga si mchanga tu? Nitakuletea lori zima." Na akaleta. Lori likamwaga mchanga wa machimbo mlangoni kwa mama, hata gari la mumewe likashindwa kutoka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi leo namwambia, na kama anasikiliza aongeze sauti.

Mama amefariki wiki iliyopita. Moyo ulisimama. Sisemi ukuta ndio uliomuua, alikuwa mgonjwa. Nasema ameondoka bila jibu alilolitafuta maisha yake yote, na lilikuwa limefika stoo.

Mazishini mkubwa alishika kipaza sauti, akatuambia tumepoteza hazina. Hazina, kwa mdomo wake mwenyewe. Alipokaa, akasimama mwanamke mmoja anayeishi chini ya mteremko, mtoto mgongoni. Akasema taratibu, "Mzee, marehemu alisema atatuambia tuhame au tukae. Sasa tufanyeje?" Mkubwa akatazama simu yake. Watu wakaendelea na ratiba.

Kwa mume wa marehemu, kwa binti yake na ndugu wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, kabla hamjalala leo, jiulizeni ni kazi ya nani mliyoikalia mezani ikingoja sahihi yenu.

Na wewe mama uliyeuliza mazishini, hakuna aliyekujibu, basi nakujibu mimi. Hatujui, mama. Tulikuwa karibu sana kujua.