Kisigino Kisipande: Wasifu wa Marehemu Apolinary Mutalemwa Kashangaki, Fundi Kalibu (1946–2006)

Padri, ndugu waombolezaji, wakuu wa kiwanda mliofika kutoka Rusayl, na Watanzania wenzetu wa Maskati: familia imenipa mimi, kaka wa marehemu, kazi ya kusoma wasifu huu kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege. Nimeambiwa niwe mfupi. Marehemu aliishi miaka hamsini na tisa, miezi kumi na siku ishirini na sita. Nitajitahidi.

Apolinary alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kashangaki na Ma Anjelina. Baba yetu alikuwa fundi viatu wa misheni. Siku hizo mtu akitaka kiatu alipimwa mguu. Alikaa, akavua, fundi akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kumuuliza unaumia wapi. Leo mtu anataja namba dukani, anapewa boksi, anachechemea miaka mitatu, halafu anatuambia hayo ndiyo maendeleo. Marehemu akiwa na miaka tisa, baba alimtuma akampime paroko kwa ukambaa wa mgomba. Alirudi na ukambaa wenye mafundo kila mahali, akasema kwa sauti, "Baba, padri ana kisigino chembamba kama cha mbuzi." Paroko alikuwa amemfuata nyuma kuja kuchagua ngozi. Alicheka mpaka akakaa chini, na kiatu kile hakikumbana hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi Kanyigo kuanzia 1955, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1962. Alifaulu. Nafasi ya kuendelea ilikwenda kwa mwingine. Sababu naijua, lakini hapa si mahali pake. Alirudi kwenye benchi la baba.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu Dar es Salaam, akafundishwa kuchonga kalibu. Kalibu, kwa wasioijua, ni mguu wa mti. Kiatu hushonwa juu yake, na kosa lililomo ndani yake litakuwa kwenye kila kiatu kitakachotoka. Marehemu hakuchonga kalibu bila kushika kwanza miguu ya watu. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1992, na kalibu zake za miaka ishirini na minne zikawa kuni za chai ya walinzi. Nilikwenda nikaziona zikiungua. Yeye hakutaka kwenda.

Tarehe 28 Desemba 1974 alifunga ndoa na Winifrida, katika parokia yetu ya Kanyigo. Viatu vya bibi harusi alivishona mwenyewe, na Winifrida amevivaa leo. Walijaliwa watoto watatu: Belinda, Anjelina na Japhet.

Mei 1993 alikuja Maskati kufanya kazi Rusayl, katika kiwanda cha Bwana Thani, mzaliwa wa Unguja, kilichotengeneza mabuti ya watu wa visima vya mafuta. Mkewe alimfuata mwaka 1995, mimi mwaka uliofuata, nikawa mtunza stoo. Kwa hiyo haya yanayofuata sikusimuliwa. Nilikuwapo.

Mwaka 1998 Bwana Maan, mtoto wa Bwana Thani, alirudi kutoka masomoni ng'ambo na jambo lake kubwa. Kiwanda kitengeneze mabuti ya ubao wa theluji. Mtu hufunga miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, akateleza mlimani. Hapa, ambapo mwezi wa sita huwezi kushika komeo la geti bila kitambaa! Niliposema hivyo niliambiwa mawazo yangu ni ya kizee. Marehemu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: mtu huyo anapoinama mbele, nini kinamshika asianguke? Akaambiwa ni buti, na kisigino kisipande ndani yake. Akasema, "Basi kazi yote iko kwenye kisigino."

Vipimo vilitakiwa kutoka Ulaya, vikachelewa. Bwana Maan alikwishapanga siku ya uzinduzi, Oktoba 1999, akaagiza wapimwe wafanyakazi arobaini wa kiwandani. Marehemu alisimama mbele ya baba na mwana.

"Bwana Maan, sisi wote hapa tumekua pekupeku na ndara. Miguu yetu imetanuka mbele na nyuma. Watakaovaa hawana miguu hii. Nipe wiki tatu niwatafute wenyewe."

"Mzee Apolinary, mguu ni mguu, bwana. Mie nnataka mabuti, sitaki darsa."

"Kisigino kitapanda."

"Khalas, mzee. Chonga."

Bwana Thani alikuwa amekaa pale anakunywa kahawa. Alitazama kikombe chake. Marehemu alichonga.

Jaribio la baridi lilifanyika Mawaleh, kwenye chumba baridi cha soko la matunda, kwa sababu theluji hatukuwa nayo. Marehemu, mimi na fundi mwingine tulisimama saa nzima juu ya mbao, tumevaa mabuti na makoti ya kuazima, katikati ya masanduku ya matufaha. Mwenye chumba, Bwana Saeed, alifungua mlango kila baada ya dakika kumi.

"Nyie wazima kweli? Haya matufaha yangu yanangoja kuuzwa. Nyie mnangoja nini?"

"Tunangoja kuteleza," marehemu akamjibu.

"Basi telezeni upesi, nna malori nje."

Mabuti hayakupasuka, gundi haikuachia, ikaandikwa kwamba jaribio limefaulu. Bila shaka lilifaulu. Miguu iliyokuwa ndani ilikuwa yetu.

Uzinduzi ulifanyika hotelini, pamba ikamwagwa sakafuni kuwa theluji. Mgeni kutoka Ulaya akavaa, akapanda kwenye ubao, akainama. Kisigino kilipanda, naye akaangukia pamba. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Februari 2000 mabuti yote yaliyopelekwa Ulaya yalirudishwa, na tarehe 6 Machi marehemu alipewa barua ya onyo kwa "uzembe wa fundi kalibu". Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia, "Kaka, sitaki wanipandishe cheo. Nataka barua hii itoke kwenye faili langu." Alimwandikia meneja mara nne. Hakujibiwa hata mara moja.

Mtu mwingine angeacha kazi, na mimi nilimshauri aache. Yeye alikwenda kanisani. Baada ya Misa ya Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, alisimama mlangoni na karatasi na penseli, akawaomba Wazungu wa parokia wavue viatu. Niliona aibu, nikaenda kusimama upande wa pili wa uwanja kama mtu asiyemjua. Mama mmoja alimuuliza kama ni ibada ya kuosha miguu. Akamjibu, "Hapana mama, natafuta visigino." Kwa miezi miwili alipima watu ishirini na watatu, akamshika kila mmoja mguu kwa mikono miwili kama baba, kisha akachonga kalibu mpya kwa mkono, baada ya saa za kazi, bila kuagizwa na mtu.

Kiwanda kiliichukua kalibu hiyo, na Oktoba 2001 mabuti yaliyoshonwa juu yake yakazinduliwa upya. Bwana Maan alisimama jukwaani akaisifu kompyuta, kwamba ndiyo iliyopata vipimo. Marehemu alikuwa nyuma ya ukumbi, ameshika kamba za akiba. Nikamsukuma: "Sema basi!" Akanijibu, "Nyamaza, kaka, tazama kisigino." Mgeni aliinama mpaka vidole vyake vikagusa ubao, na kisigino hakikupanda. Marehemu akashusha pumzi, akaondoka kabla ya keki. Mabuti yale yanauzwa mpaka leo. Barua ilibaki kwenye faili.

Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu. Miaka yote alikataa kitambaa cha puani, kwa sababu fundi wa kwetu huijua gundi iliyokomaa kwa kuinusa. Nilimsihi, nikamfokea, akasema pua yake imekwishazoea. Kikohozi kilianza mwaka 2003. Alilazwa Novemba 2005, akafariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2006, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Siku mbili kabla aliniuliza kama meneja amejibu.

Jumamosi Bwana Thani alikuja kuhani. Alikaa, akatoa mfukoni barua ile ya mwaka 2000, ameichomoa kwenye faili, akaiweka juu ya meza.

"Nnajua alitukataza, mama," alimwambia Winifrida. "Nlikuwapo. Nlinyamaza kwa ajili ya mwanangu."

Winifrida hakuigusa barua. Alisema, "Ungemwambia yeye, Bwana Thani."

Mzee yule alilia, na sikumcheka. Aliomba neno lake lisomwe hapa, mbele ya mwanawe na mbele ya kiwanda, na mimi nimelisoma. Limechelewa miaka sita, lakini sasa limesemwa mbele ya jeneza lake, na watu wamesikia.

Marehemu ameacha mjane, Winifrida, watoto watatu, Belinda, Anjelina na Japhet, wajukuu wanne, kaka mmoja, ambaye ni mimi, na dada wawili Kanyigo. Atazikwa Alhamisi kwenye kibanja cha baba, shamba letu la migomba, karibu na pale lilipokuwa benchi.

Apolinary, faili lako ni safi. Mungu akushike miguu kwa mikono miwili, akuulize unaumia wapi, nawe upumzike kwa amani.